Bodi ndogo ya sensa shambani: ESP32 inajiwasha upya na vipimo vinaruka SIM800L ikituma

Mzabibu_Hombolo

Wakuu, habari za kazi.

Nina bodi ya kupima unyevu wa udongo kwa ajili ya mashamba ya zabibu huku Hombolo. Ni ndogo, mm 38 kwa mm 52, tabaka mbili za shaba, unene mm 1.6. Kuikuza siwezi, inaingia boksi moja na betri. Umeme unapita hivi: paneli ya V 6 na W 5, moduli ya kuchaji ya TP4056, betri moja ya lithiamu ya 18650 iliyotolewa kwenye laptop mbovu. Toka hapo kuna matawi matatu. SIM800L, modemu ya GSM ya kutuma data, inakula betri moja kwa moja. ESP32-WROOM-32, ubongo wa bodi, inapitia reguleta ya AMS1117-3.3 inayoshusha hadi V 3.3. MT3608 inapandisha hadi V 5 kwa sensa nne za unyevu, zile bapa nyeusi za kapasitansi. Sensa zinasomwa na ADS1115, chipu inayogeuza volti kuwa namba, kwenye kipimo cha ±4.096 V, nayo iko kwenye 3.3 V ileile ya ESP32.

Shida ya kwanza: SIM800L ikianza kutuma data, ESP32 inajiwasha upya. Betri ikiwa juu ya V 4.0 hutokea mara moja moja, ikishuka chini ya 3.9 ni karibu kila safari.

Shida ya pili: hata isipojiwasha upya, vipimo vinaruka hesabu (hatua za namba za ADS1115) 40 hadi 60 modemu ikiwa hewani. Nikiizima modemu kabisa bado vinachezacheza hesabu kama 10.

Nimeshalehemu kapasita 12 za 100 nF sehemu mbalimbali za bodi, sioni tofauti. Mita inaonyesha betri V 3.8 na haishuki chini ya 3.7. Njia za umeme zina upana wa mm 0.25. Je, niweke shanga za feraiti (za kuzuia kelele za masafa ya juu) kwenye kila tawi? Nigawe graundi (njia ya pamoja ya mkondo kurudi) ya modemu na ya sensa? Au niende tabaka nne moja kwa moja?

---

pini_ya_nane

Mkuu, tenganisha hayo mambo mawili kwanza, maana yanatibiwa tofauti. Shida yako ya kwanza si kelele, ni njaa. Bodi haipati umeme wa kutosha kwa muda mfupi sana, na mita yako haina mbio za kuuona.

GSM hutuma kwa mipigo. Kila milisekunde 4.615 modemu inapewa nafasi ya mikrosekunde 577, yaani mara 217 kwa sekunde. Ndani ya mpigo huo SIM800L inaweza kuvuta hadi A 2 ikiwa mnara uko mbali, maana mtandao unaiamuru ipaze nguvu hadi mwisho. Nje ya mpigo inarudi chini. Ukitumia nafasi moja katika nane, wastani ni kama mA 250, na mita ya kawaida inakupa huo wastani. Ndiyo maana unaona 3.7 na kuridhika.

Sasa piga hesabu ya ukinzani wa njia nzima kutoka kwenye seli hadi miguu ya modemu, kwenda na kurudi:

- Seli ya laptop iliyochoka: mΩ 100 hadi 200. Mpya yenye afya ni kama 40 hadi 60. Tuseme yako ni 120.
- Transista mbili za ulinzi kwenye moduli ya TP4056, ziko mfululizo: kama mΩ 50.
- Waya nyembamba za mm² 0.14, sm 20 kwenda na sm 20 kurudi: mΩ 50.
- Njia yako ya shaba. Shaba ya mikromita 35 ina mΩ 0.5 kwa kila mraba, mraba wowote, uwe mdogo au mkubwa. Njia ya mm 40 yenye upana wa mm 0.25 ni miraba 160, kwa hiyo mΩ 80.

Jumla mΩ 300. Zidisha kwa A 2, unapoteza V 0.6 kila mpigo. Betri ya 3.8 inakuwa 3.2. SIM800L inataka 3.4 hadi 4.4, kwa hiyo hata yenyewe iko nje ya mipaka. Halafu AMS1117 inahitaji takriban V 1.1 zaidi ya inachotoa, kwa hiyo 3.2 ikiingia, ESP32 inapata kama 2.1. Ulinzi wake wa volti ndogo uko karibu na 2.43. Lazima ijiwashe upya.

Hata bila modemu, AMS1117 kwenye betri ya lithiamu ni chaguo baya. Betri ikiwa 3.8 unapata 2.7. Sijui kwa nini kila mchoro wa mtandaoni unaiweka hapo. Ni nzuri kwa V 5 kwenda 3.3, basi.

Fanya hivi:

Mosi, toa AMS1117, weka AP2112K-3.3. Inabeba mA 600 na inahitaji kama V 0.25 tu juu ya 3.3 kwenye mzigo kamili. Miguu yake ni tofauti, itabidi ubadilishe mchoro. Kapasita ya seramiki ya µF 1 mlangoni na µF 1 kutokea inatosha kuituliza, wakati AMS1117 iliundwa kwa tantalamu ya µF 22 na seramiki tupu inaweza kuitingisha.

Pili, njia ya modemu iwe na upana wa mm 4 au zaidi, umwage shaba kabisa. Mm 40 kwa mm 4 ni miraba 10, yaani mΩ 5. Waya za betri ziwe mm² 0.75, ziwe fupi. Na usitumie zile waya za jampa zenye pini, mguso wake tu unakula volti.

Tatu, badilisha seli.

Nne, kapasita kubwa kando ya modemu, µF 470 hadi 1000 yenye ukinzani mdogo wa ndani. Lakini usiitegemee kama dawa. Mpigo mmoja ni A 2 kwa µs 577, yaani chaji ya mC 1.15. Kapasita ya µF 1000 ikiachwa ibebe peke yake inashuka V 1.15. Ukitaka ibebe peke yake na ishuke V 0.3 tu unahitaji karibu µF 3900. Kinachotokea ni kwamba inasaidia mwanzo wa mpigo, kisha betri inabeba sehemu iliyobaki. Kwa hiyo ukinzani wa njia ndio unaoamua.

---

fundi_Makole

Kuongezea kwa alichosema pini_ya_nane kuhusu kapasita kubwa. Elektroliti ya kawaida ya µF 1000 ya bei chee inaweza kuwa na ukinzani wa ndani wa mΩ 100 na zaidi, kwa A 2 hiyo ni V 0.2 imeondoka kabla haijaanza kazi. Ng'oa kapasita za polima kwenye mazabodi mbovu za kompyuta: zile za kopo fupi la alumini, juu hakuna alama ya msalaba, na nusu ya kichwa ina rangi. Nyingi ziko chini ya mΩ 10. Ila soma volti zake! Kuna za V 2.5 na V 4 zilizokuwa zinalisha prosesa. Ukiweka hizo kwenye betri inayofika 4.2 zitakufa. Tafuta iliyoandikwa 6.3.

Kama huna bodi za kung'oa, agiza tantalamu za µF 470 mbili Kariakoo, zije kwa basi. Angalia upande wenye mstari, kwenye tantalamu mstari ni chanya, kinyume na elektroliti.

---

DadaOmu

Kabla hujanunua kitu, pima. Bila kuona umbo la volti utakuwa unabahatisha.

Kwa shida ya kwanza, hata kile kiosiloskopu cha kujiunganishia, DSO138, kinatosha. Kinaishia kHz 200, na mpigo wa µs 577 kinauonyesha vizuri. Kiweke kwenye mguu wa umeme wa modemu wenyewe (si kwenye betri!), trigi (kianzishi) ya volti inayoshuka, hali ya kunasa mara moja, kisha tuma SMS. Pima tena kwenye 3.3 V ya ESP32. Halafu pima betri yenyewe. Tofauti kati ya vituo hivyo inakuonyesha volti zinapotelea wapi.

Kwa shida ya pili kiosiloskopu hicho hakifai, maana MT3608 inapiga swichi kwa MHz 1.2 na miiba yake iko juu zaidi. Hapo unahitaji osiloskopu ya angalau MHz 50, na maabara za vyuo hapa Dodoma haziwezi kukosa hata moja. Ukiipata, zingatia mambo haya, la sivyo utapima probu (kalamu ya kupimia) yako badala ya bodi:

Usitumie ule waya mrefu wa mamba wa graundi. Sm 15 za waya pamoja na ncha ya probu ni kitanzi kinachodaka uga wa sumaku wa indakta ya MT3608. Tumia springi fupi inayovaliwa kwenye shingo ya probu, au zungushia waya wa shaba wenye urefu wa mm 10 ufanye mwenyewe. Kabla ya kupima, gusisha ncha ya probu kwenye graundi hiyohiyo unayotumia. Ukiona mV 30 hapo, basi mV 30 ya kila utakachopima baadaye ni uongo.

Weka kipimo cha AC, washa kichujio cha MHz 20 kama unatafuta mawimbi ya reguleta, kizime kama unatafuta miiba. Probu kwenye mara 1 inakupa usikivu zaidi lakini nyingi zinaishia MHz 6 hadi 10, kwa hiyo miiba hutaiona. Na lisha bodi kwa betri wakati wa kupima, usichomeke USB ya laptop inayochaji, utaingiza kelele za chaja ya laptop halafu uje kulaumu bodi.

---

Kitanzi

Nijibu hizo kapasita 12, maana wengi wanafanya hivyo.

Kapasita ya 100 nF si kapasita katika masafa yote. Ina indaktansi (ukaidi dhidi ya mkondo unaobadilika haraka) yake pamoja na ya njia inayoiunganisha. Ikiwa imelehemiwa vizuri, jumla ni kama nH 1, na inaacha kuwa kapasita kuanzia karibu MHz 16. Ikiwa iko mm 10 mbali kwa njia nyembamba kwenye bodi ya tabaka mbili, kwenda na kurudi unafika nH 10 bila kujua. Hapo inaishia MHz 5. Kwenye MHz 100, nH 10 ni Ω 6.3. Chipu inaomba umeme wa nanosekunde chache, na wewe umeiwekea rezista ya omu sita njiani. Ukiongeza 11 nyingine mbali vilevile hujapunguza kitanzi cha chipu hata kidogo.

Kwa hiyo sogeza, usiongeze. Kapasita iwe mm 1 hadi 2 kutoka kwenye mguu wa umeme. Via (tundu lenye shaba linalounganisha tabaka) ya graundi iwe kwenye ubavu wa pedi yenyewe. Usiivute kwa mkia kwenda via iliyo mbali. Via moja ya mm 0.3 inayopita bodi ya mm 1.6 ina kama nH 1.3, kwa hiyo weka mbili kwa kila pedi ukipata nafasi.

Thamani: watu wa zamani wanakuambia weka 100 nF, 10 nF na 1 nF pamoja. Ushauri huo ulikuwa na maana wakati kapasita ya nF 1 ilikuwa na umbo dogo kuliko ya nF 100. Leo zote ni za saizi ya 0603 au 0402, indaktansi ni ileile. Tena kuna hasara: µF 10 ikishakuwa indakta ya nH 1, inapambana na nF 1 yenye nH 1 nyingine, na karibu na MHz 112 impidansi (ukinzani kwa mawimbi) inapanda kilele badala ya kushuka. Weka seramiki ya µF 1 aina ya X7R, saizi 0603, ya V 16 kwenye kila mguu wa umeme, na moja ya µF 22 karibu na ESP32. Imetosha.

Angalia pia kapasita za seramiki zinavyopungua zikiwekewa volti. Ile µF 10 ndogo ya V 6.3 ikikaa kwenye V 5 inaweza kubaki nusu au chini ya hapo. Aina ya Y5V ni mbaya kabisa, joto peke yake linaweza kuila hadi asilimia 82. Chukua X7R yenye volti mara mbili hadi tatu ya unayotumia. X5R mwisho wake ni 85 °C, na boksi lililofungwa kwenye jua la Oktoba hapa kwetu usiliamini.

Sasa hizo hesabu 10 modemu ikiwa imezimwa. Namshuku MT3608. Sensa nne zinakula kama mA 20 tu. Kwenye mzigo mdogo kiasi hicho chipu hiyo haipigi swichi mfululizo kwa MHz 1.2, inaruka mizunguko. Kwa hiyo mawimbi yake yanashuka hadi kilohezi chache, na hayo ndiyo yanayopenya hadi kwenye kipimo. Shanga ya feraiti haitakusaidia hapo: ile ya Ω 600 inapimwa kwenye MHz 100, kwenye kHz 5 ni waya tu. Mbaya zaidi, shanga yenye kama µH 1 ikikutana na seramiki ya µF 10 inatengeneza mwangwi karibu na kHz 50 na inaweza kukuza kelele badala ya kuipunguza.

Tumia rezista. Ω 10 mfululizo na µF 47 kwenda graundi ni kichujio kinachoanza kukata kwenye Hz 340. Kwa mA 20 unapoteza V 0.2, sensa hazitajali.

Na kitanzi chenye moto kwenye MT3608 ni kile cha swichi, diodi na kapasita ya kutokea. Mkondo wa hapo unakatika na kuwaka ndani ya nanosekunde chache. Kapasita ya kutokea igusane na diodi na mguu wa graundi wa chipu. Ya kuingilia haina haraka kiasi hicho, indakta inaulainisha mkondo wake.

---

pini_ya_nane

@Kitanzi nakubali yote, ila kwa nini abaki na MT3608? Akague ile chipu ya 555 (ya kuzalisha mapigo) kwenye sensa zake. Ikiandikwa TLC555 inafanya kazi hata kwa V 2, haihitaji 5. Ikiandikwa NE555 ndiyo inayotaka 4.5 kwenda juu. Kama ni TLC, atoe MT3608 kabisa na aweke reguleta ya MCP1700 ya V 3.0 kwa sensa na ADS1115 peke yao. Chanzo cha kelele kikiondoka huhitaji kukichuja.

---

Chamwino_RF

Kwani kuna ulazima gani wa kusoma sensa wakati modemu inatuma? Washa sensa kwa transista, subiri zitulie, soma ADS1115 mara 16 kwa kasi ya 8 kwa sekunde, hifadhi, zima sensa, ndipo uwashe modemu. Udongo haubadiliki ndani ya dakika moja.

Weka pia seramiki za pF 33 na pF 10 za aina ya C0G kwenye mguu wa umeme wa SIM800L, karibu kabisa. Ya 33 inakaa kwenye MHz 900 na ya 10 kwenye 1800. Na pF 100 kwenye kila mlango wa ADS1115 pamoja na rezista ya kΩ 1. Nyaya za sensa ni antena, na mawimbi ya modemu yakifika ndani ya chipu yanageuzwa kuwa volti ya polepole ambayo hakuna wastani utakaoiondoa.

Antena ya modemu itoke nje ya boksi. Ile springi inayokuja na moduli ikikaa mm 20 kutoka kwenye ADS1115, mmeshindana bure.

---

DadaOmu

Kuhusu kugawa graundi, hapa naona watu wamenyamaza, na ndipo penye makosa mengi.

Usiikate. Mkondo wa masafa ya juu unarudi chini ya njia uliyoendea, ndiko indaktansi ilikopungua. Ukikata graundi na njia ya I2C (ya data kati ya ESP32 na ADS1115) ikavuka ule mpasuko, mkondo wa kurudi unazunguka bodi nzima, na hapo umetengeneza kitanzi kikubwa kuliko ulichokuwa unakimbia.

---

Kitanzi

Hapo dada nakupinga kidogo, kwa bodi hii. Unachosema ni kweli kwa masafa yanayozidi makumi ya kilohezi. Lakini mpigo wa GSM ni Hz 217. Masafa hayo hayafuati njia, yanasambaa kwa kufuata ukinzani. A 2 ikipita kwenye graundi, kila mraba wa shaba unaacha V 0.001. ADS1115 kwenye ±4.096 ina hesabu moja kwa kila µV 125. Kwa hiyo mraba mmoja ni hesabu 8. Mwenzetu anaruka 40 hadi 60, yaani kuna miraba mitano hadi minane hivi kati ya graundi ya sensa na ya ADS1115 ambayo mkondo wa modemu unapita juu yake. Sishangai.

---

DadaOmu

Sawa, lakini dawa yake bado si kukata, ni kupanga. Kiunganishi cha betri na modemu viwe ukingo mmoja wa bodi, sm 1 kati yao, ili A 2 zizunguke hukohuko kwenye kona. ESP32 katikati. ADS1115 na viunganishi vya sensa ukingo wa mbali. Graundi moja nzima chini, haina mpasuko, na mkondo wa modemu hauna sababu ya kutembelea upande wa sensa. Ukiweka betri upande mmoja na modemu upande wa pili, utakata graundi utakavyo na hutapona.

---

Kitanzi

Hilo nalikubali.

---

Mzabibu_Hombolo

Asanteni sana wakuu. Nimepima kwa DSO138 kama dada alivyosema. Kwenye mguu wa modemu ilikuwa inatoka 3.81 hadi 3.18 kila mpigo. Betri yenyewe ilikuwa inashuka hadi 3.55 tu, iliyobaki inapotelea njiani.

Nimeweka seli mpya, waya nene, nimelehemu utepe wa shaba juu ya njia ya modemu, na polima ya µF 820 ya V 6.3. Sasa ni 3.83 hadi 3.66. AP2112K imekaa kwa waya za kuunga, ESP32 haijajiwasha upya tena. Sensa zangu ni NE555, kwa hiyo MT3608 inabaki. Nimeweka ile Ω 10 na µF 47, hesabu 10 zimekuwa 2 au 3.

Maswali mawili. Bodi mpya nikiifanya tabaka nne, je, bado nahitaji hiyo rezista na kapasita? Na boksi limekuwa la moto sana mchana, kuna madhara kwa kapasita?

---

Kitanzi

Unaihitaji. Rezista na µF 47 zinashughulikia kilohezi, tabaka zinashughulikia megahezi. Faida ya tabaka nne ni umbali: graundi inakuwa kama mm 0.2 chini ya vifaa badala ya mm 1.5. Indaktansi ya kila mraba inashuka kutoka karibu nH 1.9 hadi nH 0.25. Kapasitansi ya tabaka zenyewe ni ndogo, kama pF 19 kwa kila sm² hata zikiwa mm 0.2, usiihesabie. Panga hivi: tabaka la juu vifaa, la pili graundi, la tatu umeme na graundi kwa kumwaga, la nne njia zilizobaki. Graundi ndiyo iwe karibu na vifaa, si umeme. Na usipitishe A 2 kwenye tabaka la ndani bila kuuliza unene wake, viwanda vingi huweka nusu ya shaba ya nje huko ndani.

---

fundi_Makole

Kuhusu joto: TP4056 haibadili volti ya ziada kuwa chaji, inaichoma. Paneli V 6, betri 3.7, mkondo A 0.8, hiyo ni W 1.8 ya joto ndani ya boksi lililofungwa. Badilisha rezista ya kuweka mkondo kutoka kΩ 1.2 iende kΩ 2.4, utachaji kwa kama A 0.5 na joto linashuka hadi kama W 1.2. Seli nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa juu ya 45 °C, kwa hiyo ifikirie seli kabla ya kapasita. Kwa kapasita, elektroliti yoyote uliyobaki nayo iwe ya 105 °C, si ya 85. Kila ikipoa nyuzi 10 maisha yake yanakuwa maradufu. Boksi lipake rangi nyeupe na ulitundike chini ya paneli, upande wa kivulini.